Kina Kilichokaa Midomoni mwa Wengine

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, ndani ya misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, mtu mmoja aitwaye Candi Rureke alisimama mbele ya wanakijiji akiwa ameshika kibuyu chenye mbegu ndani. Aliimba, akasimulia, akacheza, akaigiza. Alipochoka alipumzika, kesho yake akaendelea. Ilimchukua siku 12 kuimaliza hadithi ya Mwindo, mtoto ambaye baba yake alimkataa kabla hajazaliwa.

Karibu naye waliketi vijana wakigonga kijiti kikavu kufuata mapigo na kumwitikia. Hapo hapo alikuwepo Mbelgiji, Daniel Biebuyck, mtafiti wa IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi iliyokuwa na makao yake Lwiro karibu na Bukavu. Yeye na wasaidizi wake, Wanyanga wenyeji wa msitu ule, walikuwa wakikimbizana na maneno kwa kalamu. Kabla ya hapo Rureke mwenyewe hakuwahi kuimba hadithi ile mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Desturi ilikuwa kuimba kipande kimoja kwa jioni moja, watu wakala, wakanywa, wakaenda kulala. Nani ana haja ya kusikia yote kwa mkupuo, wakati msimuliaji yupo na kesho ipo?

Walikale ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, sehemu kubwa ikiwa msitu unaokatwa na mito ya Lowa na Oso. Mashariki yake ardhi inapanda kwenda Masisi, nchi ya vilima vya malisho, ukungu na jibini. Redio za nje zinapozitaja wilaya hizi mbili huwa ni kwa habari za bunduki, madini na watu waliohama. Ni nadra mtu akasema kwamba Walikale ni nyumbani kwa mojawapo ya tendi kubwa za Afrika. Mimi nataka kuanzia hapo, kwa sababu ushairi wa mapenzi na msiba una mambo ambayo hatuwezi kuyaelewa tukibaki na ushairi wa Kiswahili wa pwani peke yake.

Wanyanga huiita kazi ya aina ile karisi, na anayeimudu humwita shekarisi. Neno "she" kwao ni baba, kama vile Shemwindo alivyo baba yake Mwindo. Kwa hiyo shekarisi ni kama baba wa karisi, mwenye nayo. Karisi pia ni jina la mzimu, na ilisadikiwa kwamba mzimu huo ndio unaomtaka mtu fulani ajifunze kuimba, naye akiimba hupata ulinzi na afya.

Kitabu kilichotokana na siku zile 12 kilichapishwa mwaka 1969 na chuo kikuu cha California, kikiwa na majina mawili juu ya jalada: Biebuyck na Kahombo Mateene. Mateene alikuwa Mnyanga na mtaalamu wa isimu, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Jina lake la Kahombo ni jina la mzimu wa bahati njema wa Wanyanga, na katika utendi huo Mwindo anazaliwa akiwa amening'iniza mfuko wa Kahombo ubavuni.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawaambia wake zake saba kwamba anataka mabinti tu. Atakayezaa mwana wa kiume, mwana huyo atauawa. Mabinti huleta mahari. Mwana wa kiume huleta mrithi. Sita wanazaa mabinti. Wa saba, yule kipenzi chake, anachelewa kujifungua, na mwishowe Mwindo anatokea kupitia kidole cha mama yake, akiwa tayari anatembea na kusema. Jina la Mwindo hupewa mtoto wa kiume aliyefuata mabinti wengi. Baba anamtupia mikuki, inamkosa. Anamzika hai, mtoto anatoka kaburini usiku. Ndipo baba anaagiza mafundi wachonge ngoma. Mtoto anatiwa ndani, ngozi inawambwa juu, na ngoma inatupwa mtoni.

Ngoma haikuzama ikanyamaza. Mwindo aliimba akiwa ndani yake, nayo ikashika safari ya majini kumtafuta shangazi yake, Iyangura, dada wa baba, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji. Shangazi anaposikia sauti anachukua kisu, anaipasua ngozi, na ndani mnatoka mwanga.

Sidhani kama kuna mfano mwingine wa ushairi wetu unaosema waziwazi hivi kwamba chombo cha nyimbo na jeneza vinaweza kuwa kitu kimoja. Baba alitaka kumzika mwanawe, akampa chombo cha kuimbia.

Kinachonivuta zaidi ni namna nyimbo zile zilivyosukwa. Wengi tuliosoma ushairi wa Kiswahili Tanzania na Kenya tulifundishwa kuhesabu mizani kwa vidole. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho, na mshororo wa nne unafunga. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vinashika kina kimoja, cha nne kinabeba kina kinachorudi tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Mtu aliyekulia humo akizifungua nyimbo za Rureke atatafuta vina na hatavipata. Mistari ni mifupi, mingine ina maneno mawili, mingine inarudiwa tena na tena. Katikati ya safari ya Mwindo, Rureke anaingiza mambo yake mwenyewe: njaa yake, walimu wake, watu waliomo barazani. Kwa mhakiki wa vina na mizani hizo ni guni tupu.

Lakini sauti zinazofanana zimo tele, ila zimekaa mwanzoni mwa maneno. Lugha za Kibantu zina upatanisho, na upatanisho ni vina vya bure ambavyo lugha imempa kila mtu. Mwambie mjane aeleze chumba chake: kitanda kile kikubwa kimekaa kitupu. Hakukusudia kutunga, lakini "ki" imegonga mara tano kama mlango usiofunguliwa. Jina la sifa la Mwindo ni Kabutwakenda, kitoto kilichozaliwa punde kikaenda, na hata asiyejua Kinyanga anasikia "ka" na "ke" zikishikana mikono. Kinyanga juu ya hayo ni lugha ya toni, neno hupanda na kushuka, na wimbo unafuata kupanda na kushuka huko. Lugha yenye mali nyingi hivyo haina dhiki ya kutafuta silabi za mwishoni.

Halafu kuna waitikiaji. Nimefikiri sana juu ya vijana wale wa kijiti kikavu, na hitimisho langu ni kwamba wao ndio kina chenyewe. Kina hufanya kazi gani? Hufunga mshororo, huahidi kwamba sauti iliyokwenda itarudi. Bese, sauti ilirudi kutoka kwa watu. Shekarisi alitupa mstari, vijana wakaudaka wakaurudisha. Malenga wa Lamu amevifunga vina vyake mwenyewe kwenye karatasi ya herufi za Kiarabu, anaweza kwenda navyo popote, hata gerezani, hata uzeeni peke yake. Shekarisi wa Walikale ameviweka vyake midomoni mwa wengine. Wasipokuwepo, hana shairi zima.

Hapa pwani na msitu vinakutana mahali pasipotarajiwa. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika mwaka 1913 utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na delta ya Tana ambaye habari zake ni za kale sana. Liyongo naye alifungwa. Naye aliimba akiwa ndani, akimtuma mjakazi Saada kwa mama yake, akitumia mafumbo ambayo walinzi hawakuyang'amua, ili mama aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Usiku watu wakacheza gungu nje ya gereza, na chini ya kelele zile za ngoma na matuazi Liyongo akakata minyororo. Ngoma ya Liyongo ilikuwa nje ya kifungo, ya Mwindo ilikuwa ndio kifungo. Wote wawili walimwimbia mwanamke wa damu yao: huyu mama, yule shangazi.

Na usaliti umekaa kinyume kama nguo iliyogeuzwa. Mwindo anawindwa na baba. Liyongo anauawa na mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anafia kisimani, amepiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji wanadhani yu hai na ana hasira. Hawathubutu kuteka maji. Wanamwomba mama yake aende kumtuliza kwa maneno mazuri. Mama anamwimbia siku kadhaa, mwana hajibu, mpaka mwili unaanguka. Kina kinarudi kila ubeti kama kinavyotakiwa, na mwana harudi. Kwangu mimi hapo ndipo utenzi unapokuwa mkali kuliko maombolezo yoyote: umbo linatimiza ahadi ambayo maisha yameivunja.

Karisi inafanya kinyume. Mwindo akishapata nguvu kwa shangazi anarudi Tubondo na wajomba zake, mji unateketea, watu wanakufa, Shemwindo anakimbilia kuzimu. Mwana anamfuata. Njiani anakutana na Kahindo, binti wa Muisa, bwana wa kuzimu, mwili wake umejaa vidonda vya buba. Binti huyo anamfundisha jinsi ya kujibu mitego ya baba yake, na Mwindo anamsafisha vidonda. Hakuna maneno ya mahaba, hakuna sifa za jicho wala shingo. Mapenzi yamewekwa katika kazi ya mikono, na Mwindo harudi naye nyumbani. Katika hadithi yote, mahali hapo huwa napasoma polepole.

Anapomrudisha baba yake, hamuui. Anawafufua waliokufa Tubondo kwa mkia wa nyati, ile fimbo ya shujaa iitwayo conga. Msimuliaji anapowainua wafu, anawapanga kwa mfuatano ambao kila kipengele kimejengwa kama kilichotangulia: kila mmoja anaamka katika hali ile ile kifo kilipomkuta, mwenye mimba na mimba yake, mpishi na mwiko wake. Muundo wa sentensi unarudi, mtu anabadilika. Hiyo ndiyo fani ya Walikale ya kusema hasara. Mrithi wa tenzi angesema maelfu walikufa, akakipatia kina. Shekarisi anakataa jumla. Anamrudisha mmoja mmoja kwa kazi aliyoacha, na wewe msikilizaji, kwa kuwa umbo ni lile lile, unaanza kuwaongezea wako moyoni kabla yeye hajafika.

Kisha Shemwindo anaungama makosa yake mbele ya watu, na utawala unagawanywa. Utendi una sehemu ya pili, ya joka Kirimu na ya Nkuba, mwenye radi, anayempeleka Mwindo angani mwaka mzima kumtia adabu kwa baridi, mvua na jua. Biebuyck alikusanya pia masimulizi mengine matatu ya Mwindo, akayatoa mwaka 1978, na katika kila moja shujaa ana tabia yake. Hilo ni somo la siku nyingine.

Na Kiswahili, lugha ya pwani, kiliingiaje huko msituni? Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Nyangwe na Kasongo, Maniema, ilijipenyeza msituni ikifuata mito. Ilileta maumivu makubwa, na ilileta lugha iliyokuja kuitwa Kingwana. Wakoloni wa Kibelgiji wakaitumia kazini, wamisionari wakaitumia makanisani. Ila tazama kilichotokea: lugha ilifika, vina na mizani havikufika. Kiswahili cha soko na kambi hakikubeba diwani mfukoni. Kanisa ndilo lililoleta mashairi ya kuhesabiwa, kwa sababu nyimbo za Ulaya zilitafsiriwa ili zikae ndani ya tuni zilizokwisha pangwa, silabi kwa silabi. Mpaka leo kwenye kilio Masisi au Walikale, usiku wa kukesha na maiti, wimbo wa kitabu unaanza, na baada ya beti mbili tatu watu wanaufungua ubavuni: mwanamke mmoja anatupa mstari wake, waliobaki wanaitikia, na jina la marehemu linaingia mahali ambapo kitabu hakikuliweka. Rureke angewatambua.

Miaka ile ile ya Rureke, upande wa pili wa ziwa Tanganyika, mizani ilikuwa ikiandikiwa katiba. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mji uliokuwa mlango wa misafara ya Maniema, alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Alikuja kuwa meya wa Dar es Salaam na waziri, akafariki mwaka 1964. Sheria zake zililea kizazi kizima cha washairi wa magazeti. Nafasi ya maombolezo ndani ya sheria za namna hiyo ilikwisha kuoneshwa na mshairi Shaaban Robert, aliyemlilia mke wake Amina katika shairi lililomo kwenye kitabu cha maisha yake. Mtu mmoja, msiba mmoja, beti zinazotii. Tukumbuke kwamba vina vya namna hiyo ni vya mpweke. Hakuna kijana wa kijiti karibu yake, kwa hiyo sauti lazima ijijibu yenyewe. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake, Kichomi, bila vina wala mizani, wakatokea waliosema ameua ushairi. Nadhani ugomvi ule ungekuwa mfupi kama pande zote mbili zingepita Bese. Zingeona ushairi usio na vina vya mwisho, wa zamani kuliko wao wote, wenye nidhamu ya kutisha.

Masisi ni habari nyingine, nami nitaipita haraka kuliko inavyostahili. Wahunde, wenyeji wa vilima vile, wana lugha yao na hazina yao ya methali na nyimbo. Kati ya mwaka 1937 na katikati ya miaka ya 1950 utawala wa Kibelgiji uliwahamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi kwa kazi za mashamba, na pamoja nao lugha ya Kinyarwanda ikaongezeka vilimani. Kinyarwanda kina fani ya kusifu ng'ombe, amazina y'inka, majina ya ng'ombe, ambapo mnyama mmoja anaweza kujengewa sifa kama za shujaa wa vita. Kipimo cha ushairi huo wa ng'ombe ni urefu wa sauti: irabu fupi na irabu ndefu zinahesabiwa kwa uzito wake. Tena mwishoni mwa mstari hakuna kina. Mshairi wa ng'ombe anamwita mnyama wake kwa jina lililopimwa, na mfugaji aliyepoteza kundi amepoteza pia shairi, kwa sababu hakuna tena anayeitwa.

Na walipotea wengi, watu na ng'ombe. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Maelfu walikufa na watu wapatao robo milioni walihama. Tangu hapo vita vimebadilisha majina mara nyingi kuliko ninavyoweza kuorodhesha. Mapema mwaka 2024 mapigano ya kuzunguka Sake yalisukuma watu wa Masisi kwenye kambi za pembeni mwa Goma, Mugunga na Bulengo miongoni mwazo. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, na tarehe 19 Machi 2025 waliingia Walikale mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mwezi Februari mwaka huo kambi zile ziliachwa tupu, watu wakaambiwa warudi makwao, wengine wakiwa hawana tena pa kurudia.

Sasa rudi kwenye hoja ya kina. Kama vina vimekaa midomoni mwa jirani, kuhama kunavivunja. Mshairi wa Pate akikimbia anakimbia na utenzi wake kifuani. Shekarisi akikimbia anabeba nusu. Mwitikiaji mmoja yuko Bukavu, mwingine Kisangani, mwingine hajulikani aliko. Hasara ya Walikale haikuwa mada ya shairi tu. Iliingia ndani ya umbo la shairi na kuling'oa kiungo.

Labda ndiyo maana vijana wa Goma wamekirudia kina cha mwishoni kwa bidii ya ajabu. Kundi la Goma Slam Session limekuwa likitunga na kughani slamu, ushairi wa jukwaani ulioanzia Chicago miaka ya 1980 na Marc Smith, na ambao Goma umevaa Kifaransa na Kiswahili katika pumzi moja. Mghani anasimama peke yake mbele ya kipaza sauti. Vina vinagongana, sentensi inaanza Kifaransa na kufungwa kwa Kiswahili kwa sababu kina kilikuwa kinamsubiri huko. Kwa sikio la mwalimu wa mizani ni fujo. Kwa sikio langu ni vijana ambao wazazi wa wengi wao walitoka vijijini ambako sauti ilijibiwa, nao wameingia mjini ambako lazima ijijibu. Hata hivyo tazama jukwaa kwa makini: baada ya dakika chache mghani anaacha nafasi, ananyamaza makusudi, na ukumbi unamalizia neno. Vijana hawa hawajawahi kumsikia Rureke. Nafasi ile wameiacha wazi wenyewe.

Kasoro yao ni moja, nami naisema kwa upendo. Wanapenda mno jumla: amani, haki, mateso, Kongo yetu. Maneno hayo yana vina rahisi na machozi rahisi. Karisi ingewafundisha kumtaja mpishi na mwiko wake.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote mwenye asili ya Masisi au Walikale anayesoma makala haya, awe Goma, Kampala, Nairobi au Brussels. Nyumbani kwenu yupo shangazi au babu anayejua kuanzisha wimbo wa kilio, na yupo mwingine anayejua kuuitikia. Kaa nao wote wawili kwa pamoja, si mmoja mmoja, uwashe simu urekodi. Usimwombe aimbe yote. Mwombe kipande cha jioni moja. Kitabu cha mwaka 1969 kina maneno ya Rureke, Kinyanga na tafsiri yake. Mdundo wa kile kijiti kikavu haumo.